SOMO LA USAFI WA NYUMBANI: Harufu ya Taka za Jikoni, Chanzo Chake na Njia za Kuiondoa

Somo la toleo hili linahusu jambo linalosumbua nyumba nyingi za Kitui na Makueni, hasa msimu wa maembe na siku za joto kali: harufu mbaya inayotoka kwenye ndoo ya taka, kwenye sinki na nyuma ya jiko. Wengi hujaribu kuifunika kwa manukato au kwa kumwaga dawa nyingi. Harufu hurudi siku ya pili, kwa sababu chanzo chake hakijaguswa.

Ukimaliza somo hili utaweza:

- kueleza kwa nini taka za jikoni hunuka;
- kutunza ndoo ya taka na sinki bila kupoteza maji mengi;
- kuamua ni taka gani ziende kwa mifugo, zipi ziende kwenye mboji na zipi zizikwe;
- kutambua hatari zinazoweza kuua mtu au mnyama.

Somo linaweza kusomwa na mtu mmoja nyumbani, au kwa pamoja katika chama, mwethya au darasa la shule.

1. Kwa nini taka hunuka

Maganda ya ndizi, mabaki ya isyo, ugali uliolala na maji ya kuoshea nyama yote ni chakula cha vijidudu. Vijidudu hivi viko kila mahali, na hufanya kazi ya kuozesha. Kuna vinavyohitaji hewa na kuna vinavyoishi pasipo hewa.

Taka zikiwa kavu kiasi na zenye nafasi za kupitisha hewa, vijidudu vya kundi la kwanza huzigeuza kuwa mboji, na harufu yake ni kama ya udongo baada ya mvua. Taka zikiwa zimelowa, zimeshindiliwa na kufungiwa ndani ya ndoo, hewa hukosekana. Hapo kundi la pili hushika kazi. Hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza, na pia asidi zenye uchachu mkali. Nyama, samaki na maziwa huongeza harufu kali ya amonia.

Kwa hiyo mambo matatu ndiyo huleta harufu: unyevu, ukosefu wa hewa, na muda. Joto huharakisha yote matatu. Ndiyo maana ndoo inayovumilika kwa siku tatu mwezi wa Julai hunuka baada ya siku moja mwezi wa Februari.

Harufu pia huita nzi. Mayai ya nzi wa nyumbani huanguliwa chini ya siku moja, na katika joto letu yai linaweza kuwa nzi kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10. Nzi huyo hutoka kwenye taka au choo na kutua juu ya chakula, akibeba vijidudu vya kuhara. Ukimwaga taka mara kwa mara, unakata safari hiyo kabla funza hawajakomaa.

2. Je, mashine ya kusaga taka ingetufaa?

Wasomaji wenye jamaa ng'ambo huenda wamesikia kuhusu mashine inayofungwa chini ya sinki ili kusaga mabaki ya chakula na kuyapeleka kwenye bomba la maji taka. Ilibuniwa mwaka 1927 na msanifu majengo wa Marekani, John W. Hammes, katika mji wa Racine. Nchini humo imeenea sana.

Hata huko mashine hii hunuka, kwa sababu vipande vya chakula na mafuta hubaki kwenye meno na kuta zake. Tena inahitaji umeme, maji mengi yanayotiririka kila inapotumika, na mtandao wa mabomba unaopeleka uchafu kwenye mtambo wa kusafisha. Kwetu nyumba nyingi hutegemea mtungi wa lita 20 na shimo au tangi la maji taka lililo uani. Chakula kilichosagwa kikiingia kwenye tangi hilo hulijaza haraka, na gari la kunyonya uchafu hugharimu pesa. Sisi tuna njia rahisi zaidi, nayo ni kutopitisha chakula kwenye bomba kabisa.

3. Ndoo ya taka: hatua sita

*Hatua ya kwanza: tenganisha.* Weka ndoo mbili. Ya kwanza ni ya vitu vinavyooza, yaani maganda, mabaki ya chakula, majani ya chai. Ya pili ni ya vitu visivyooza: plastiki, chupa, makopo, karatasi zenye nailoni. Nepi na sodo zilizotumika zifungwe kando na zisiingie katika ndoo hizi mbili. Kutenganisha si hiari tu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, zinazooza mbali na zisizooza.

*Hatua ya pili: chuja maji kwanza.* Usimwage chai iliyobaki au mchuzi ndani ya ndoo. Maganda yenye maji mengi, kama ya tikitimaji, yaache kwenye ungo au kichujio yajikamue kabla ya kuyatupa.

*Hatua ya tatu: weka kitanda kikavu.* Chini ya ndoo tandaza majani makavu, maranda ya mbao au gazeti lililochanwa, unene wa vidole vitatu. Kitanda hiki hunyonya maji na kuruhusu hewa.

*Hatua ya nne: funika kila mara.* Ukitupa taka, nyunyiza juu yake konzi moja ya jivu lililopoa au chenga za makaa. Jivu hukausha na kupunguza uchachu, na chenga za makaa hunasa harufu. Jivu lilale usiku mzima kabla ya kutumika, kwa sababu kaa moja lililo hai linaweza kuyeyusha ndoo na kuchoma nyumba.

*Hatua ya tano: mwaga kila siku.* Wakati mzuri ni jioni baada ya kuosha vyombo. Nyama, utumbo wa kuku na mabaki ya samaki visilale jikoni hata usiku mmoja.

*Hatua ya sita: osha na kuanika.* Mara mbili kwa wiki, sugua ndoo kwa sabuni na maji ya kusuuzia nguo, kisha iweke juani ikiwa imefunguliwa mdomo. Jua letu ni dawa ya bure, kwani hukausha utando ambao vijidudu hujificha ndani yake. Usirudishe ndoo ikiwa na unyevu.

Wanaotumia mfuko ndani ya ndoo wakumbuke kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017. Mwezi Aprili 2024 NEMA pia iliagiza taka zinazooza ziwekwe katika mifuko ambayo nayo huoza. Ndoo yenye gazeti haihitaji mfuko wowote.

4. Sinki na bomba lake

Chungulia chini ya sinki. Utaona bomba limekunjwa, au lina kikombe kinachoning'inia. Mkunjo huo umewekwa kwa makusudi. Maji yanayobaki ndani yake huziba njia, ili gesi ya tangi la maji taka isipande kuingia jikoni. Wazo hili ni la Alexander Cumming, fundi wa saa aliyeishi London, aliyepata hataza ya choo chenye bomba lililokunjwa mwaka 1775.

Sinki likinuka, tafuta chanzo kwa mpangilio huu.

*Je, sinki halijatumika kwa siku nyingi?* Maji ya mkunjo yamekauka, na gesi inapanda. Hili hutokea sana katika nyumba ambazo mifereji hukauka kwa wiki nzima na watu wanaoshea vyombo kwenye beseni. Mwaga vikombe viwili au vitatu vya maji kwenye sinki, hata kama ni maji yaliyotumika mara moja. Ukisafiri, ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu ya maji hayo ili yasikauke upesi. Fanya vivyo hivyo kwa shimo la maji la bafuni.

*Je, maji yanashuka polepole?* Kuna mafuta na chembe za chakula zilizoganda. Weka beseni chini ya mkunjo, fungua kikombe kwa mkono, toa uchafu, sugua kwa brashi kuukuu na ufunge tena. Uchafu huo uende kwenye ndoo ya taka, si chooni.

*Je, maji yanashuka vizuri lakini bado linanuka?* Utando umeshika mdomo wa bomba na kichujio. Sugua sehemu hizo kwa brashi na sabuni. Kisha mimina nusu kikombe cha bekingi soda, acha robo saa, na umalizie kwa lita moja au mbili za maji ya moto. Maji yasiwe yanayochemka, kwa kuwa mabomba mengi ya nyumbani ni ya plastiki na hulegea viungoni yakipata joto kali. Ganda la limau lililosuguliwa mdomoni mwa bomba huacha harufu nzuri, lakini halichukui nafasi ya brashi.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Futa sufuria na sahani zenye mafuta kwa karatasi kabla ya kuziosha, na usimwage mafuta ya kukaangia kwenye sinki. Kichujio cha waya kinachouzwa sokoni kitazuia punje za muthokoi na ndengu zisiingie kwenye bomba.

5. Maji machafu nyuma ya jiko

Nyumba nyingi hazina sinki. Maji ya vyombo humwagwa mahali pamoja nyuma ya jiko mpaka panakuwa dimbwi jeusi lenye harufu na mbu.

Dawa ni shimo la kunyonya maji. Chimba shimo la upana wa mita moja na kina cha mita moja hadi moja na nusu. Jaza mawe makubwa chini, kokoto katikati, na changarawe juu. Juu kabisa weka kikapu kikuukuu au gunia lenye nyasi kavu ili kunasa mafuta na chembe. Badilisha nyasi hizo kila wiki, na zilizotoka zizike au zipeleke kwenye mboji. Shimo liwe angalau mita 30 kutoka kwa kisima, na liwe upande wa chini wa mteremko.

Wenye hoteli na vibanda vya chipsi katika miji ya Wote, Emali, Mtito Andei, Kitui na Mwingi wanahitaji zaidi ya hapo. Wajenge kisanduku cha kunasa mafuta kabla maji hayajafika kwenye tangi. Mafuta huelea, nayo huchotwa kila wiki. Bila kisanduku hicho, mafuta huganda kwenye bomba, na siku moja uchafu hurudi ndani ya jiko mbele ya wateja.

6. Taka ziende wapi?

*Kwa mifugo.* Maganda ya ndizi, majani ya kabichi na sukuma wiki, na maganda ya maembe safi ni chakula kizuri cha mbuzi na ng'ombe. Lakini zingatia mambo manne:

- Plastiki isichanganyike hata kidogo. Mbuzi humeza karatasi za nailoni kwa sababu zina harufu ya chakula, zikajifunga tumboni, na mnyama hufa akiwa na tumbo lililojaa.
- Maganda na kokwa za parachichi yana sumu kwa mbuzi na kuku. Yapeleke kwenye mboji.
- Viazi vilivyogeuka kijani na maganda yake visipewe mifugo.
- Nguruwe wasipewe mabaki ya nyama yasiyochemshwa. Mabaki hayo yanaweza kueneza homa ya nguruwe.

*Mahindi yenye ukungu.* Sehemu hii tunaomba isomwe mara mbili. Mwaka 2004 sumu ya aflatoxin kwenye mahindi iliwapata watu 317 nchini, na 125 kati yao wakafa. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Sumu hii hutokana na ukungu, haiondoki kwa kupika, na haiondoki kwa kukoboa pekee. Ng'ombe akila mahindi hayo, sumu hupita kwenye maziwa, na kuku akila hudhoofika. Kwa hiyo mahindi yaliyoota ukungu yasisagwe, yasilishwe mifugo, wala yasiuzwe kwa bei nafuu. Yachimbie shimo la mbali na kisima na uyafukie.

*Kwenye mboji.* Katika maeneo makavu shimo hufaa kuliko lundo, kwa sababu hutunza unyevu. Chimba shimo la kina cha sentimita 60, mahali penye kivuli. Kwa kila ndoo moja ya taka mbichi za jikoni weka ndoo mbili au tatu za vitu vikavu kama mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani au maganda ya ndengu. Ongeza samadi kidogo na udongo kidogo. Funika kwa nyasi. Geuza kila baada ya wiki mbili.

Pima unyevu kwa mkono. Kamua konzi ya mboji: ikitoa matone mengi, ni mbichi mno, ongeza vitu vikavu. Ikibomoka kama vumbi, nyunyiza maji yaliyooshea mboga. Mboji ikinuka vibaya, igeuze na kuiongezea vikavu siku hiyo hiyo. Baada ya miezi miwili hadi minne itakuwa nyeusi na tayari kwa bustani ya gunia au mashimo ya zai. Anza mwezi wa Julai, na utakuwa na mbolea kabla ya mvua za Oktoba, ambazo ndizo tegemeo letu kubwa.

*Maembe yaliyooza.* Hapa sheria ya mboji hubadilika. Embe lenye funza ndani ni kiota cha nzi wa matunda. Nzi hatari zaidi, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa nchini mwaka 2003. Mwaka 2014 Kenya ililazimika kusitisha kuuza maembe katika soko la Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi hawa, na biashara hiyo ilianza tena mwaka 2021. Maembe machache yaliyotupwa nyuma ya jiko yanaweza kuambukiza shamba la jirani anayetegemea mauzo hayo kulipa karo. Usiyatupe kwenye lundo la mboji la kawaida, kwani mara nyingi halipati joto la kutosha kuua funza. Yazike kwa kina cha zaidi ya nusu mita na ushindilie udongo, au yafunge ndani ya plastiki nzito nyeusi isiyo na tundu na uiache juani mpaka funza wafe.

7. Mto mkavu si jaa

Mito ya Tiva, Nzeeu, Kaiti na mingineyo huwa mchanga mtupu kwa miezi mingi, na wengine huona kama pahali pa kutupa taka. Lakini maji yako chini ya mchanga huo. Ndiyo tunayochota kwenye visima vya mchangani, na ndiyo yanayohifadhiwa na mabwawa ya mchanga yaliyojengwa na vikundi vyetu kwa jasho jingi. Uchafu unaozikwa humo hushuka polepole hadi kwenye maji, na mvua ya kwanza huupeleka uliobaki kwa walio chini ya mto. Vivyo hivyo, kuchoma taka zenye plastiki uani huondoa harufu moja na kuleta moshi wenye sumu, unaovutwa kwanza na watoto.

8. Onyo la usalama

*Usichanganye dawa.* Dawa ya klorini ya kuondolea madoa ikikutana na siki, limau au asidi ya kusafishia choo hutoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Ikikutana na mkojo au amonia hutoa gesi nyingine ya sumu. Tumia dawa moja, suuza kwa maji, na fungua dirisha. Ukihisi kuwashwa koo na macho, toka nje mara moja.

*Usiingie shimoni.* Gesi ile ya mayai viza ikiwa nyingi hufanya pua isinuse tena, na mtu hudhani hewa ni safi. Ndani ya tangi la maji taka au choo cha shimo huangusha mtu kwa pumzi chache. Mara nyingi anayeingia kumwokoa hufa pia. Simu, ndoo au kuku aliyeanguka humo si kitu cha kumfuata. Ita watu wenye vifaa.

9. Wapangaji na majirani

Penye nyumba nyingi uani, harufu ya mlango mmoja ni ya wote. Kubalianeni zamu ya kumwaga ndoo na mahali pa shimo la mboji, na mwenye nyumba atoe mapipa yenye vifuniko. Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti kazi ya kuondoa taka na kusimamia majaa, lakini lori haliwezi kutenganisha kilichochanganywa jikoni. Penye tangi linalofurika au jaa lisilo rasmi, toa taarifa kwa afisa wa afya ya umma katika wadi yako, au umweleze mhudumu wa afya ya jamii anapotembelea boma lako.

10. Maswali ya kujipima

1. Taja mambo matatu yanayoleta harufu ndani ya ndoo ya taka.
2. Sinki la nyumba iliyofungwa kwa mwezi mzima linanuka. Utafanya nini kwanza?
3. Una debe la maganda ya parachichi, embe lenye funza, na gunzi la mahindi lenye ukungu. Kila kimoja kitaenda wapi?
4. Kwa nini si vizuri kumwaga siki juu ya dawa ya klorini?

*Majibu:* (1) Unyevu, ukosefu wa hewa na muda. Joto huongeza kasi. (2) Kumwaga vikombe viwili au vitatu vya maji ili kujaza mkunjo wa bomba. (3) Maganda ya parachichi kwenye mboji. Embe kuzikwa zaidi ya nusu mita au kufungwa ndani ya plastiki nyeusi juani. Mahindi kufukiwa mbali na kisima, yasipewe mnyama yeyote. (4) Hutoa gesi ya klorini yenye sumu.

Zoezi la wiki: Chukueni ndoo mbili zinazofanana. Ya kwanza itumieni kama mlivyozoea. Ya pili wekeni kitanda kikavu na kunyunyiza jivu kila mnapotupa. Siku ya tatu fungueni zote mbili nje ya nyumba, mhesabu nzi wanaotua kwa dakika tano, na mwandike matokeo. Yajadilini kwenye mkutano ujao wa kikundi, kisha mwamue pamoja ni nani atachimba shimo la kwanza la mboji.